Sauti ya Saa Tatu, Got Mwanda

Kwa miaka tisa, kila asubuhi ukungu ulipokubali kuondoka juu ya Got Mwanda, mume wa Damaris alizungumza. Ilikuwa kiasi cha saa tatu. Alitoa salamu, akajitaja jina, akaeleza habari za msitu kwa dakika nne, kisha akawaomba wasikilizaji wakae kwenye benchi, maana anakuja sasa hivi. Mara nyingi hapakuwa na wasikilizaji. Palikuwa na Damaris na ufagio. Na mume mwenyewe hakuwa ameonekana na mtu yeyote tangu Aprili ya mwaka 2015.

Jambo hili lilikuwa na maelezo, kama mambo mengi ya kutisha. Kituo cha Wageni na Mazingira cha Got Mwanda kilijengwa mwaka 2013 upande wa juu wa Kosele, pale barabara ya murram inapokata tamaa na msitu unapoanza. Kilijengwa na shirika la ng'ambo ambalo jina lake lilikaa ukutani hadi msimu wa pili wa mvua. Kilikuwa na njia ya kutembea yenye vibao kumi na viwili, chumba cha maonyesho, choo chenye kufuli, na kisanduku cha sauti kilichotumia sola. Wataalamu walisema hawataki sauti ya mtangazaji, wanataka ya mwenyeji. Wakamchukua Chrispine, mwongozaji wa kwanza wa kituo, mtu mrefu mwenye sauti ya kwaya na tabia ya kuahidi. Wakamkalisha nyuma ya jengo, wakamwekea kipaza sauti mdomoni, wakamwambia azungumze kana kwamba wageni wako mbele yake.

Akazungumza. Mwisho wa rekodi, baada ya maneno "kaeni hapo kwenye benchi, nakuja sasa hivi," husikika mwanamke akiita kwa mbali, "Wuon Mourine! Uji unapoa!" Halafu hatua sita za viatu kwenye kokoto, zikienda. Mwanamke yule ni Damaris, akiwa na miaka thelathini na sita, akimwita mumewe baba Mourine, kwa jina la binti yao. Wataalamu walisema kelele zile zinaleta uhalisia, wakaziacha.

Kisanduku kilipangwa kizungumze mtu anapobonyeza kitufe. Lakini betri ilizeeka. Jua likikosekana kililala, jua likigonga paa kiliamka, na kilipoamka kilianza kusema bila kuulizwa, kama walivyo watu fulani.

Kuhusu kuondoka kwake hapakuwa na siri kubwa. Mwaka wa kwanza kituoni walikuja wageni, wa pili wakaja wakaguzi, wa tatu hakuja mtu. Chrispine akasema anavuka mpaka kwenda kwenye mashimo ya dhahabu upande wa Tanzania, kwa muda mfupi, hadi wageni warudi. Mtu wa mwisho kumwona alikuwa Gisiri, Mkuria anayebadilisha fedha mpakani Isebania, ambaye hata leo amekaa kwenye stuli yake ileile. Damaris alimwendea mara nne.

"Alikunywa chai hapa," Gisiri alimwambia mara zote nne. "Akasema, Gisiri, niwekee hii begi, narudi Jumamosi."

"Jumamosi gani?"

"Mama, mtu akisema Jumamosi, wewe humuuliza gani?"

Ndani ya begi mlikuwa na shati na kitabu cha picha za ndege. Baadaye zilikuja habari kwamba wiki ileile shimo moja liliporomoka huko ng'ambo likiwa na watu wa kuja, watu ambao majina yao hayakuwa yameandikwa popote, na kwamba hakuna aliyefukuliwa. Damaris alizisikiliza habari hizo kama mtu anavyosikiliza hali ya hewa ya nchi nyingine. Akarudi nyumbani. Kamati ya kituo ikampa kazi ya mumewe, kwa hoja kwamba maneno yote anayajua. Na kweli aliyajua. Aliyasikia kila siku.

Sasa habari ya tunda.

Kibao namba saba kwenye njia ya wageni kiko mbele ya mti ambao Waswahili huuita mwegea na Wajaluo huuita yago. Matunda yake ni marefu, mazito, ya kijivu, yananing'inia kwenye kamba kama vitu vilivyosahauliwa na mtu. Kibao kinasema mbegu zake huenezwa na wanyama wakubwa. Hakisemi kile ambacho kila mtu kuanzia Rangwe hadi Migori anakijua: kwamba mtu akipotea, ziwani au ugenini, na mwili wake usipatikane, watu wake huchuma tunda la yago, wakalifunga nguo, wakalilaza, wakalililia kwa jina la mtu wao, wakalizika. Tunda huoza ardhini kama anavyooza mtu. Baada ya hapo yule aliyepotea anajua kwao ni wapi, na huacha kusumbua.

Wataalamu hawakuuliza. Walipopanga chumba cha maonyesho walitaka kitu cha kuvutia macho katikati, nao wakaona hakuna kinachovutia kama tunda la yago. Wakafinyanga la plastiki huko Nairobi, lenye urefu wa mkono, likapakwa rangi kwa ustadi hadi mikwaruzo yake. Wakalilaza kwenye meza, juu ya kitambaa cheupe, na taa ikaning'inizwa juu yake.

Siku ya ufunguzi wazee waliingia wakiwa wanaongea, wakaliona, wakavua kofia. Mmoja wao, Mzee Agutu, ami yake Chrispine, akauliza kwa sauti ya chini:

"Huyu ni nani?"

"Hiki ni kielelezo, Mzee," mtaalamu akajibu.

"Nimeuliza ni nani. Na mbona bado hajazikwa?"

Tangu siku hiyo hakuna mwenyeji aliyeingia tena. Walimu walioleta wanafunzi walisimama mlangoni, wakaonyesha kwa kidole, wakageuka. Kwenye taarifa ya mwaka iliandikwa kwamba jamii bado inahitaji kuhamasishwa. Na kwa kuwa hakuna mwenyeji aliyelisogelea, hakuna aliyejua kwamba lilikuwa plastiki tupu ndani, jepesi kama ndoo. Isipokuwa Damaris, aliyelipangusa vumbi kila Ijumaa.

Mdogo wake Chrispine anaitwa Jacktone. Ni fundi wa pikipiki Kosele, mtu mchangamfu, mwenye mke aitwaye Pauline na wana wawili wanaomzidi kimo. Mwaka jana alikuwa na miaka arobaini na minne na bado aliishi ndani ya boma la marehemu baba yake kama kijana anayesubiri ndevu. Si kwa kukosa bidii. Kwa Wajaluo mdogo hamtangulii mkubwa: Chrispine alipaswa kutoka kwanza akafungue boma lake, ndipo Jacktone afuate, na Chrispine aliondoka kabla ya kufungua chochote. Kaka aliye hai husubiriwa. Kaka aliyekufa hupitwa kwa heshima. Aliyepotea hana kanuni. Amesimama mlangoni, haingii wala hatoki, na nyuma yake foleni inazeeka.

Kwa hiyo Jumatano moja ya Februari Jacktone alipanda hadi kituoni akiwa amevaa shati safi. Alisimama nje ya mlango, kwa sababu ya kile kilichokuwa mezani.

"Shemeji, nimekuja kiofisi."

"Kiofisi unaniita madam."

"Madam shemeji, naomba fomu ya tunda."

Fomu ipo kweli. Msitu ni hifadhi, na hakuna anayeruhusiwa kuchuma kitu bila idhini ya maandishi ya mwongozaji. Jacktone aliijaza akiegemea dirisha. Aina ya mmea: yago. Idadi: moja. Sababu: mazishi ya kaka. Mwaka ule nyani walikuwa wameyala maua, na mti wa namba saba ulikuwa umezaa tunda moja tu.

Damaris alisoma fomu yote, hata tarehe. "Kwetu Rangwe kuna yago inazaa kama wazimu. Kwa nini usichukue ya huko?"

"Mzee Agutu amekataa. Anasema Chrispine hakuwa mtu wa Rangwe. Alioa tu huko."

"Na akirudi?"

"Akirudi nitafurahi! Nitabomoa hiyo boma na mikono yangu. Lakini shem, huyo mtu amesema anakuja sasa hivi tangu mwaka ule. Hata kama ni fundi ndiye anakuambia hivyo, si ungetafuta mwingine?"

"Mimi sikuolewa na fundi."

Jacktone akacheka, kisha akaacha. "Nyar Rangwe," alisema, akimwita binti wa kwao, "hata wewe umeisha. Watu wanakuona. Hujaachwa, hujafiwa, hujaolewa. Unaitwaje?"

"Naitwa mwongozaji," Damaris akasema, akachukua kalamu. Chini ya fomu aliandika: Ombi limekataliwa. Kifo hakijathibitishwa. Akagonga mhuri, ambao wino wake ulikuwa umekauka tangu wakati wa wakaguzi, kwa hiyo ilibidi agonge mara tatu.

Jumapili iliyofuata, Damaris akiwa kanisani, Jacktone alirudi na wanaume wawili na blanketi. Hawakuvunja kitu. Ufunguo ulikuwa juu ya fremu ya mlango, mahali ambapo kila mtu alijua upo na hakuna aliyewahi kuuhitaji. Kwa haraka ya watu wasiotaka kuangalia wanachokishika, waliifungia ile maiti ya mezani ndani ya blanketi, wakakikunja vizuri kitambaa cheupe, na kwa kuwa Jacktone ni mtu wa adabu, akaandika katika kitabu cha wageni. Jina: Jacktone. Mtokako: hapa chini. Maoni: Tumekuja kumchukua mtu wetu. Asanteni kwa kumtunza.

Jumatatu asubuhi Damaris alisoma maneno hayo mara mbili, akatazama meza, akaanza kucheka. Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akashuka bondeni haraka, akikusudia kuwaambia.

Alipofika alikuta kaburi limeshachimbwa, upande wa kulia wa nyumba ya baba mkwe wake, na hema limeshasimamishwa. Watu walimpisha njia kwa heshima ambayo hajawahi kupewa. Jeneza halikuwepo, blanketi tu, na wanaume wawili walikuwa wamelibeba kwa uangalifu mkubwa kuliko ulivyohitajika. Mmoja akanong'ona:

"Mbona mwepesi hivi?"

"Miaka tisa, omera," akajibu mwenzake. "Wewe ungenenepa?"

Mzee Agutu akawaangalia, wakanyamaza.

Damaris alifungua mdomo. Ilikuwa nafasi yake. Neno moja tu, plastiki, lingetosha, na kila mtu pale analijua neno hilo. Lakini akamwona Jacktone. Alikuwa analia, kilio cha kweli, kamasi na yote, kama mtu aliyekuwa amekibeba kwa miaka tisa akingoja mahali pa kukitua. Akawaona wazee wametulia. Na akawaza, kwa ubaridi uliomshangaza mwenyewe, kwamba kila mtu hapa atapata anachotaka: Jacktone atapata boma, ukoo utapata usingizi, na mume wangu hatakuwa amezikwa. Akafunga mdomo.

Ilikuwa hila nzuri. Hila nzuri zina kasoro moja tu, nayo ni kwamba aliyezitunga hubaki peke yake ndani yake.

Hakulia. Wanawake waliona, wakasema huyu moyo wake umekauka, ama ana mtu mwingine. Walimnyoa nywele. Aliporudi kazini, akiwa mjane wa kitu kisicho na uzito, alifika saa tatu kasoro na mume wake akamsalimia.

Kilichotokea baadaye hakikuwa kwenye hesabu zake. Wageni walikuja. Chumba hakikuwa na maiti tena, na watu wa Kosele walikuwa na miaka kumi na moja ya udadisi kifuani. Walikuja kina mama baada ya soko, walikuja walimu na madarasa yao, wakashika ngozi ya chatu, wakabishana juu ya picha za vipepeo. Damaris aliwatembeza kibao kwa kibao, na wiki mbili hizo zilikuwa bora kuliko zote alizofanya kazi. Msimu wa mvua ulikuwa umeanza na jua halikuonekana asubuhi, kwa hiyo kisanduku kilinyamaza.

Alhamisi ya wiki ya tatu ukungu ulipasuka ghafla. Palikuwa na watu kumi na mmoja ndani, wanne wao kwenye benchi, wakila njugu.

"Karibuni Got Mwanda," ikasema sauti kutoka ukutani. "Mimi naitwa Chrispine."

Hakuna aliyetafuna tena. Watu hawa walikuwa wamekula wali kwenye mazishi yake. Alieleza habari za chemchemi na ndege, taratibu, bila kuharakisha, na hakuna aliyethubutu kusimama, kwa sababu mtu hasimami marehemu anapozungumza. Walikaa hadi aliposema, "Kaeni hapo kwenye benchi, nakuja sasa hivi." Hapo benchi likaachwa tupu. Mama mmoja aliacha kiatu cha kushoto, na hadi leo hajaja kukidai.

"Si ni redio tu!" Damaris aliwaitia kutoka mlangoni. "Ni redio, jamani!"

Wao walikuwa wameshafika kwenye murram.

Chumba kikabaki na yeye na rekodi. "Wuon Mourine! Uji unapoa!" akajisikia akiita. Halafu hatua kwenye kokoto. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

Saba.

Alisimama. Alikuwa amezihesabu hatua hizo kwa miaka tisa, kama watu wengine wanavyohesabu shanga, na siku zote zilikuwa sita. Akajiambia spika imechakaa. Kesho yake zilikuwa nane. Jumatatu zilikuwa kumi, na safari hii hakuweza kujidanganya kuhusu jambo jingine: zamani ziliondoka kwenye kipaza sauti zikififia. Sasa zilikuwa zinakuja.

Damaris ni mtu wa utaratibu. Aliandika ujumbe kwa ofisi ya Nairobi iliyorithi mradi: Mfumo wa sauti una hitilafu, hatua za mwongozaji wa zamani zimeongezeka kutoka sita hadi kumi. Alijibiwa siku ileile. Asante kwa maoni yako, tunayathamini.

Bondeni nako mambo yalikuwa mabaya kwa namna yake. Jacktone alikuwa amefungua boma. Alitoka alfajiri na jogoo, shoka na moto kama inavyotakiwa, nyumba ikasimama kabla ya jua kuzama, na majirani wakasifu. Lakini jogoo hakuwika. Siku ya kwanza walisema ni ugeni. Siku ya tatu walimpa mahindi. Siku ya tano Pauline akafunga godoro lake akarudi boma la zamani, akamwambia mumewe atalala kwenye nyumba mpya siku kaka yake atakapoacha kuwaambia watu anakuja. Habari za benchi zilikuwa zimeshafika Kosele, na kutoka Kosele habari hazihitaji pikipiki.

Jacktone alipanda kituoni. Safari hii aliingia ndani, akakaa, akakumbuka amekaa wapi, akasimama.

"Shem, nakuomba. Kata waya."

"Ni mali ya mradi."

"Mradi gani? Mimi nimezika huyo mtu! Nimefuata kila kitu. Blanketi, wazee, ng'ombe. Ni nini sikufanya?"

Damaris alikuwa akimtazama fundi huyu aliyekonda kwa wiki nne, mwenye oili kwenye kucha na macho ya mtu asiyelala, na neno lile likamfikia tena kwenye ulimi. Akalimeza tena. "Labda hajaridhika," alisema.

"Anataka nini?"

"Muulize. Atakuja saa tatu."

Jacktone hakungoja saa tatu. Alishuka bila kuaga.

Siku tatu hazikuwa na jua. Ya nne, Ijumaa, ukungu ulianza kupungua mapema, na Damaris alikuwa ndani akipangusa meza isiyo na kitu, kwa mazoea. Sauti ikaanza. Aliisikiliza yote: chemchemi, ndege, mti wa yago ambao mbegu zake huenezwa na wanyama wakubwa. Kaeni hapo kwenye benchi. Uji unapoa. Kisha hatua. Sita, saba, nane, kokoto zikisagika vizuri kabisa, viatu vya mtu mrefu asiye na haraka. Kumi. Kumi na mbili. Hazikutoka kwenye kisanduku tena, au zilitoka huko na nje pia, hakuweza kutofautisha. Kumi na nne zilikuwa mbele ya jengo. Kumi na tano zikapanda ngazi ya kwanza.

Damaris akakimbia mlangoni akakaza komeo.

Alibaki amelishikilia kwa mikono miwili, bega likiwa kwenye mbao. Nje palikuwa kimya. Maji yalidondoka kutoka kwenye paa. Hakuna aliyebisha.

Na hapo, akiwa ameegemea mlango ule, alijiona alivyo. Miaka tisa alikuwa amemngoja mtu huyu. Alikuwa amekataa tunda, amekataa wazee, amevumilia kuitwa jina lisilo jina, yote ili mlango huu ubaki wazi siku Chrispine atakapopanda ngazi. Na siku hatua zilipofika kwenye ngazi, mikono yake ilikimbilia komeo bila kumuuliza. Mtu hamfungii mumewe aliye hai. Mikono yake ilikuwa inajua. Huenda ilijua tangu Isebania, tangu ilipopokea begi, na ilikuwa imemngoja tu yeye amalize.

Alipofungua hapakuwa na mtu. Ngazi ilikuwa imelowa, lakini kila kitu kilikuwa kimelowa.

Alichukua fomu mpya. Aina ya mmea: yago. Idadi: moja. Sababu: mazishi ya mume. Kwenye nafasi ya mwombaji akatia sahihi, na kwenye nafasi ya mwongozaji akatia sahihi. Kisha akapanda juu ya benchi, akafungua kisanduku, akakata waya mwekundu kwa mkasi wa kukatia nyasi. Nairobi hawakuarifiwa.

Jacktone alikuwa gereji, chali chini ya pikipiki, aliposikia sauti yake.

"Toka huko chini. Nina neno."

"Sema tu, shem. Nasikia."

"Ulichozika ni plastiki."

Mikono chini ya pikipiki ikaacha kufanya kazi.

"Plastiki gani?"

"Ile ya mezani ni ya plastiki. Ilitengenezwa Nairobi. Nilijua, na nilikuja nikawaona mkiifukia, nikanyamaza."

Jacktone akajitokeza polepole. Alimtazama, na Damaris alikuwa tayari kwa matusi, hata kwa kofi. "Nililia," Jacktone alisema mwishowe. "Nililia mbele ya watoto wangu. Nililia ndoo?"

"Ulimlilia kaka yako. Aliyekosea ni mimi."

"Na Mzee Agutu alihubiri nusu saa." Midomo yake ilitetemeka, na haikueleweka inaelekea wapi. "Nusu saa, shem. Kwa ndoo." Akajifuta uso kwa mkono wenye oili. "Sasa?"

"Sasa chukua jembe. Fomu nimesaini."

Damaris alichuma mwenyewe. Alipanda kwenye ngazi ya kusafishia paneli, akaikata kamba, na tunda likamwangukia mikononi kwa uzito ambao nusura umtoe kwenye ngazi. Lilikuwa baridi na lenye umande. Jacktone alinyoosha mikono kupokea, Damaris akamkatalia. Alilibeba kifuani hadi bondeni, akipumzika mara tatu, na Jacktone akitembea nyuma yake na kitenge na jembe.

Waliokuwepo walikuwa watatu: wao wawili na Pauline. Hawakuita wazee. Jacktone alifukua, na plastiki ikatoka safi kama ilivyoingia, rangi yake iking'aa, bila hata doa. Pauline akaigonga kwa kucha, ikalia ko, ko, akaiweka kando akaigeuzia mgongo. Damaris akalifunga tunda kitenge, akashuka mwenyewe ndani ya shimo, akalilaza, kichwa upande unaotakiwa. Akakaa pale chini muda. Kisha akampa Jacktone mkono, akatoka.

Jembe la kwanza la udongo lilipogonga kitenge, kitu kikafunguka ndani yake. Si kilio cha kupanga. Alipiga ukemi hadi kuku wakatawanyika, akatoka mbio kuelekea langoni kama mwanamke anayetangaziwa msiba sasa hivi, akirudi, akienda tena, akiita jina la mumewe na la baba yake na vitu vyote alivyoahidi. Pauline akaungana naye. Jacktone akaendelea kufukia, maana mtu mmoja ilibidi.

Bonde zima lilisikia. Watu waliacha majembe na sufuria, wakaja mbio kupitia kwenye mahindi, wengine wakiwa wameshaanza kulia kabla hawajajua ni nani. Mzee Agutu alifika akihema, fimbo mkononi.

"Ni nani? Nani amekufa?"

"Chrispine," Pauline akasema.

Wakatazamana. Jirani mmoja, mwanaume wa kuuliza maswali, akakohoa. "Chrispine yupi? Yule tuliyemzika Februari?"

Damaris alikuwa amepita mbele yao akielekea langoni tena, mikono kichwani, na uso wake haukuwa uso wa mtu wa kuulizwa tarehe. Mzee Agutu alimtazama akienda. Akaitazama plastiki kando ya kaburi, akaitazama tena, na bila shaka alielewa yote.

"Leteni viti," alisema. "Na mtu aweke maji motoni. Tumefiwa."